Uchafuzi wa Mazingira Katika Eneo la Wakulima: Mfano wa Bonde la Ziwa Naivasha

Kufikia mwisho wa sehemu hii, uweze:
(a) kueleza vyanzo vya uchafuzi wa mazingira katika eneo la kilimo;
(b) kufafanua athari za uchafuzi huo hatua kwa hatua;
(c) kupendekeza njia za kukabiliana nao, ukitaja anayefaa kuzitekeleza;
(d) kuzipanga hoja zako katika insha inayostahili alama za juu.

UTANGULIZI

Mtahiniwa mpendwa, mada ya mazingira inaweza kukujia kwa sura nyingi. Unaweza kuombwa kuandika hotuba, ripoti, barua kwa mhariri, mahojiano au insha ya kujadili. Watahiniwa wengi hulifurahia swali hili wakidhani ni rahisi. Huandika kwamba viwanda hutoa moshi, moshi huleta magonjwa, na serikali ichukue hatua. Hoja hizo si za uongo, ila zinaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mto wala shamba. Msahihishaji akikutana nazo katika karatasi ya hamsini, huwa ameshazikariri.

Dawa yake ni moja: lijue eneo moja vizuri. Ukilielewa eneo moja kwa undani, utaweza kulieleza la kwenu pia, liwe ni Mwea penye mpunga, Mumias penye miwa au Kericho penye chai. Hapa tutalitumia bonde la Ziwa Naivasha. Tutayafuata maji yake kutoka mlimani hadi ziwani, tukiuliza kila yanapopita: ni nini kimeingia humu, na nani atakinywa?

ISTILAHI ZA KUKUMBUKA

Uchafuzi wa mazingira ni kuingiza katika ardhi, maji au hewa kitu chenye kudhuru viumbe au kuharibu matumizi ya rasilimali hizo. Viuadudu ni dawa za kuua wadudu waharibifu. Viuagugu ni dawa za kuua magugu. Mmomonyoko ni kuchukuliwa kwa udongo wa juu na maji au upepo. Ardhi oevu ni sehemu yenye majimaji kwa muda mrefu, kama vile kinamasi chenye mafunjo. Eneo la kukusanya maji ni ardhi yote ambayo mvua yake huteremka hadi katika mto au ziwa moja.

Istilahi hii ya mwisho ishike vizuri. Wengi huandika kuhusu ziwa kana kwamba linaanzia ufuoni. Ziwa huanzia kule mvua inakonyesha.

BONDE LENYEWE

Ziwa Naivasha limo katika Bonde la Ufa, kaunti ya Nakuru, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake mengi hutoka milima ya Nyandarua, inayojulikana pia kama Aberdare. Mto Malewa ndio mkubwa zaidi kati ya mito inayoingia ziwani, na Turasha ni mmoja wa mito inayoulisha. Mto Gilgil nao huingia upande wa kaskazini.

Ziwa hili halina mto unaotoka. Hata hivyo, maji yake ni baridi, si ya chumvi kama ya Nakuru au Elementaita, kwa sababu sehemu yake hupenya ardhini na kutoka chini kwa chini. Lakini udongo na uchafu mwingi unaoletwa na mito hauna pa kwenda. Hutua chini ya ziwa na kubaki pale.

Mwaka 1995 ziwa hili liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ni makao ya viboko, samaki na ndege wa aina nyingi. Pia ni uti wa mgongo wa kilimo cha maua kinachopeleka waridi Ulaya, na maelfu ya familia hupata riziki humo. Huko juu, Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua, wakulima wadogo hupanda viazi, kabeji, karoti na njegere, na kufuga ng'ombe wa maziwa.

Kwa hivyo bonde hili lina wakulima wa aina mbili: mwenye shamba kubwa la maua karibu na ziwa na mwenye ekari mbili za viazi mlimani. Insha nzuri huwataja wote wawili. Insha dhaifu humlaumu mmoja.

VYANZO VYA UCHAFUZI

1. Udongo unaosombwa na mvua
Msitu unapofyekwa na mteremko kulimwa bila matuta, mvua ya kwanza hubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Mtu akilima hadi ukingoni mwa mto, hakuna nyasi za kuuzuia. Maji ya Malewa wakati wa masika huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni shamba la mtu linalosafiri.

2. Mbolea za viwandani
Mmea hautumii mbolea yote unayoutilia. Inayobaki huyeyuka au hushikamana na udongo na kuteremka mtoni. Madini ya naitrojeni na fosforasi yaliyomo hurutubisha mimea ya majini kama yalivyokusudiwa kuirutubisha ya shambani.

3. Viuadudu na viuagugu
Dawa hizi huchafua mazingira kwa njia kadhaa: kunyunyiziwa siku ya upepo, kupimwa kwa kukadiria, kuoshea pampu mtoni na kutupa makopo ovyo. Hapa nikuambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili nilinyunyizia viazi vya mama dawa ya ukungu likizo nzima, bila barakoa wala glavu. Jioni kichwa kilikuwa kikiniuma na mate yakinijaa kinywani. Sote nyumbani tulisema ni jua. Lebo ya kopo ilikuwa imeeleza dalili hizo kwa maandishi madogo, na katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuisoma. Sikuisoma.

4. Majitaka ya makazi
Kilimo huleta kazi, kazi huleta watu. Mitaa ya wafanyakazi kama Karagita na Kihoto ilikua haraka kuliko mabomba ya majitaka, na watu wengi hutegemea vyoo vya shimo. Mnamo mwaka 2020 ziwa lilipofura na kuingia Kihoto, maji yalivifikia vyoo hivyo. Uchafu uliokuwa ardhini ukaelea.

5. Taka za shambani na plastiki
Karatasi za nailoni zilizochakaa za vivungulio, mipira ya kunyunyizia maji na magunia ya mbolea hutupwa au kuchomwa. Moshi wake huwa na sumu. Kumbuka kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini marufuku hayo hayakuondoa plastiki zote za shambani.

Tahadhari: usimlaumu mkulima kwa kila kitu. Visima vingi vya Naivasha na Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na ndiyo inayowafanya watoto wengi kuwa na meno ya kahawia. Floridi hiyo hutokana na miamba ya volkano, si mbolea. Mtahiniwa anayeweza kutenganisha uchafuzi wa asili na wa binadamu huonyesha kwamba anafikiri.

ATHARI ZAKE

Usiorodheshe athari kama bidhaa za duka. Zionyeshe zikifuatana. Soma mnyororo huu polepole:

Mbolea huingia ziwani → mwani na gugumaji hustawi → hufunika uso wa maji na kuzuia mwanga → mimea ya chini hufa → bakteria huiozesha na kutumia oksijeni → samaki hukosa hewa → mvuvi hukosa mapato → mtoto wake hukosa karo.

Ukiweza kuueleza mnyororo huo kwa sentensi zako mwenyewe, umepata aya nzima.

(i) Kufa kwa viumbe wa majini. Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa kwa kiwango kikubwa. Mapema mwaka 2010, baada ya mvua kunyesha, samaki wengi walionekana wakielea wamekufa. Watu wengi walishuku dawa za mashamba ya maua mara moja. Maelezo ya wataalamu yalitaja upungufu wa oksijeni: maji yalikuwa machache, kisha mvua ikasomba matope na uchafu kutoka kote bondeni. Tazama funzo lililopo. Hapakuwa na mkosaji mmoja wa kunyoshewa kidole. Kila shamba lililoachia udongo wake lilikuwa na sehemu yake.

(ii) Gugumaji. Mmea huu ulionekana Naivasha mwaka 1988. Hustawi penye rutuba nyingi, hunasa nyavu, huziba njia za mashua na kuwapa mbu na konokono maficho.

(iii) Afya ya binadamu. Dawa huingia mwilini kwa ngozi, pua na kinywa. Dalili za haraka ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, macho kuwasha na kupumua kwa shida. Anayekula mboga zilizonyunyiziwa jana naye yumo hatarini. Majitaka yakiingia katika maji ya kunywa huleta kipindupindu na homa ya matumbo.

(iv) Kupungua kwa mavuno. Hapa ndipo mkulima hujidhuru. Udongo ukienda, hununua mbolea zaidi, nayo ikaenda na udongo mwingine. Dawa ikiua nyuki, maua ya mboga na matunda hukosa wa kuyachavusha. Wadudu nao huizoea dawa, mkulima akaongeza kipimo. Mchuma janga hula na wa kwao.

(v) Migogoro. Wa juu humshuku wa chini kwamba anamaliza maji. Wa chini humshuku wa juu kwamba anayatia tope. Mfugaji hukuta njia ya mifugo yake ya kwenda kunywa imezingirwa kwa ua. Uchafuzi huanza majini ukaishia katika ujirani.

NJIA ZA KUKABILIANA NA TATIZO

Pendekezo lisilo na mtendaji halina uzito. "Hatua zichukuliwe" na nani? Kwa kila njia, taja anayefanya, anachofanya na kinachozuiwa.

A. Mkulima mdogo
- Alime kwa kukingama mteremko, achimbe matuta na kupanda nyasi za napia kingoni mwake. Nyasi huushika udongo na kulisha ng'ombe.
- Aache ukanda wa mto bila kulimwa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kati ya mita 6 na mita 30 kutoka kingo za mto, kulingana na upana wake.
- Apimishe udongo kabla ya kununua mbolea, na achanganye na samadi au mboji.
- Abadilishe mazao kila msimu ili wadudu na magonjwa yasizoee shamba.

B. Anayenyunyizia dawa
- Asome lebo. Mstari wa rangi chini yake huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ni hatari zaidi, kisha manjano, buluu na kijani.
- Avae glavu, barakoa, mabuti na nguo za mikono mirefu. Asinyunyize penye upepo.
- Ahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kama lebo inavyoagiza.
- Kopo likiisha, alisuuze mara tatu, amimine maji hayo katika pampu atumie shambani, kisha alitoboe ili lisigeuzwe la kutekea maji ya kunywa.

C. Mashamba makubwa
- Yasafishe majitaka yake kabla ya kuyaachilia. Baadhi ya mashamba ya Naivasha yametengeneza ardhi oevu za kupandwa, ambamo maji hupita polepole kati ya matete na mafunjo yanayonasa uchafu.
- Yatumie maadui wa asili wa wadudu. Katika vivungulio vya waridi, kuna utitiri wanaofugwa ili wawale utitiri waharibifu. Hivyo dawa hupungua.
- Yawape wafanyakazi mavazi ya kinga na kuwazuia wasiingie kivungulioni kabla dawa haijatulia.

D. Jamii ya bonde zima
Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, ulianzishwa mpango wa watumiaji wa maji wa chini kuwalipa wakulima wa juu, sehemu za Turasha, kwa kuutunza udongo. Mkulima aliyepanda nyasi, miti na kuacha ukingo wa mto alipewa vocha ya kununulia pembejeo. Utumie mfano huu katika insha yako. Unaonyesha kwamba aliye mlimani si mhalifu wa kuadhibiwa tu; ni mtunza mlango wa maji, na mtunza mlango hulipwa.

E. Serikali
- Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.
- Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, inasimamia Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Ikague mara kwa mara, bila kungoja samaki waelee.
- Serikali ya kaunti ijenge mabomba ya majitaka na kuwatuma maafisa wa kilimo vijijini.

F. Shule na vijana
Chama cha mazingira kianzishe kitalu cha miche. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa mwaka 1977 na Profesa Wangari Maathai, lilianza kwa wanawake wenye miche mikononi, naye akatuzwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kijana anayejua kusoma awasomee lebo wasiojua.

Je, mashamba yafungwe?
Wanafunzi hupenda kuhitimisha hivyo. Fikiri tena. Shamba likifungwa leo, mama anayekata waridi atalipa kodi kwa nini kesho? Na huenda akarudi mlimani kulima mteremko uleule. Msimamo wenye nguvu ni huu: kilimo kiendelee, lakini gharama ya kusafisha ilipwe na anayechafua, isiachiwe anayekunywa.

JINSI YA KUJIBU SWALI

Linganisha aya hizi mbili.

Aya dhaifu: "Kemikali ni mbaya sana kwa mazingira. Zinaua samaki na watu. Serikali inafaa kuchukua hatua kali ili kemikali ziishe."

Aya thabiti: "Mkulima anapooshea pampu yake mtoni, mabaki ya dawa huteremka hadi kwa jirani anayeteka maji ya kupikia. Jirani huyo hana njia ya kuyatambua, kwani maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na sumu. Kwa hivyo, kikundi cha watumiaji wa maji kitenge mahali pa kuoshea pampu, mbali na mto, na afisa wa kilimo awaonyeshe wanachama jinsi ya kusuuza makopo."

Aya ya pili ina mtu, tendo, athari, sababu na suluhisho lenye mtendaji. Hiyo ndiyo siri yote.

Mambo ya kuzingatia:
1. Soma swali mara mbili. Likitaka athari na suluhisho, usiandike athari peke yake.
2. Andika hoja zako kwa ufupi kabla ya kuanza. Zisipungue sita zilizokamilika.
3. Kila hoja iwe na aya yake.
4. Ikiwa ni hotuba au ripoti, zingatia sura yake kwanza. Maudhui mazuri katika sura isiyofaa hupoteza alama.
5. Tumia methali moja au mbili mahali zinapofaa. Usizipange kama shanga.
6. Hakikisha upatanisho wa kisarufi: maji yamechafuka, udongo umesombwa, mazingira yameharibiwa.

HITIMISHO

Mtihani utakwisha Novemba. Desemba wengi wenu mtakuwa shambani kwa wazazi, na baadhi yenu mtakabidhiwa pampu. Siku hiyo hakuna atakayekusahihisha. Lishike kopo, ligeuze, usome lebo yote hadi mwisho, kisha umsomee aliye karibu nawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Eleza kwa nini udongo wa Kinangop ni tatizo la mvuvi wa Naivasha. (alama 4)
2. Tofautisha uchafuzi unaotokana na asili na ule unaosababishwa na binadamu, ukitoa mfano mmoja wa kila aina. (alama 4)
3. Kwa kutumia mnyororo wa hatua zisizopungua tano, fafanua jinsi mbolea inavyoweza kuua samaki. (alama 5)
4. Wewe ni katibu wa chama cha mazingira shuleni. Andika ripoti kuhusu hali ya mto ulio karibu na shule yenu na hatua zinazopendekezwa. (alama 20)
5. "Mashamba makubwa yameleta hasara kuliko faida." Jadili kwa kurejelea eneo lenu. (alama 20)

Kidokezo cha swali la 4: kabla ya kuandika, nenda ukauone mto huo.